Mti wa Viganja

Siku hizi redio naifungulia matangazo ya vifo tu. Mengine yote yamenichosha. Siasa imenichosha, mpira umenichosha, hata yule msichana anayesoma mapishi kwa sauti ya kubembeleza amenichosha. Lakini vifo lazima nivisikilize, maana nimefika umri ambao mtu asiposikiliza atakutana na mjane sokoni amuulize mumewe hajambo. Ndivyo nilivyopata habari ya Bi Manjula. Nilikuwa jikoni kwangu Kiembe Samaki nakuna nazi, ndege ikapita juu ya paa kama zinavyopita kutwa, ikanilia nusu ya tangazo. Nilichokiwahi ni jina lake, limetamkwa ovyo, na maneno "aliyekuwa mwalimu wa skuli za Mjini". Nikabaki nimekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi. Sikulia. Nilichoka tu, uchovu wa mtu aliyekuwa na jambo la kumaliza pamoja na mwenzake, kisha mwenzake akaondoka na jambo halijaisha.

Nyumba yao iko Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, na ngazi zake za mbao hazina huruma na magoti. Nilipanda napumzika. Juu nilikuta sebule imetandikwa shuka nyeupe, wanawake wamekaa chini na nguo zao nyeupe, picha yake imevishwa shada la maua, na mwanawe wa kiume aliyekuja kutoka nje anapokea mikono ya pole huku hajui aweke wapi macho yake. Nikaenda kukaa pembeni, mimi na buibui langu jeusi, karibu na mlango wa jikoni. Sikupachagua pale. Miguu ndiyo iliyonipeleka, kwa sababu mwaka mzima wa ujana wangu nilikula chakula cha mchana nyuma ya mlango ule. Nikachungulia ndani. Jiko la mafuta ya taa halipo tena, birika lililopinda mdomo halipo, lakini ubao wa kukatia mboga ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari wake, na ulikuwa na madoa ya buluu ambayo hayakutoka kwenye mboga yoyote.

Mwaka huo nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu na kiburi changu, nikapangiwa skuli ya msingi huko huko Mjini nikae chini ya mwalimu mzoefu. Mwalimu huyo ndiye Bi Manjula, Mhindi wa hapa hapa, dini yake si yetu, amezaliwa na kukulia katika mtaa ule ule niliokwenda kumlilia. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na nikikosea alinirekebisha mbele ya watoto bila aibu. Skuli yenyewe ilikuwa nyumba ya tajiri wa zamani. Vyumba vyake vikubwa vilikatwa kwa kuta za mbao ambazo hazikufika darini, na ng'ambo ya ukuta wa darasa letu, Darasa la Tatu, ndiko ilikokuwa ofisi ya Mwalimu Mkuu. Kila kilichosemwa kule kilituangukia huku. Tulijua nani anaomba uhamisho, nani kagombana na mkewe, na tulimjua hata Mwalimu Mkuu anavyomeza chai. Watoto walizoea, wakiandika huku wanasikiliza, na mimi pia nikazoea.

Alhamisi, kipindi cha mwisho, kilikuwa cha sanaa. Kwenye ratiba kiliandikwa kwa penseli, maana Mwalimu Mkuu alikuwa akitafuta sababu ya kukifuta aweke hesabu. Rangi hatukuwa nazo, karatasi hatukuwa nazo, na Bi Manjula alilichukulia jambo hilo kama mpishi anavyochukulia siku isiyokuwa na nyama. Alikuwa na masharti yake. Kazi iwe nyepesi kiasi ambacho mtoto yeyote ataiweza, vifaa viwe ni vitu ambavyo vingetupwa, na kengele ikilia kila mtoto awe na kitu kilichotoka mkononi mwake. Kichwa cha bamia, kile tunachokikata na kukitupa, ukikichovya kwenye buluu ya kufulia na kukigandamiza, kinatoa ua. Kipande cha muhogo kikichongwa kwa kisu butu kinatoa pindo la kanga. Jani la mshelisheli ukiliweka chini ya karatasi na kusugua kaa juu yake, mishipa yake yote inajitokeza mpaka ile ambayo hukuiona kwa macho. Maganda ya mayai tuliyavunja, tukayatia rangi za kupikia miyaa ya mikeka, tukayabandika kwa uji wa unga wa ngano. Karatasi yetu ilikuwa mifuko ya saruji iliyokung'utwa, ile tabaka ya ndani, na brashi zetu zilikuwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizofungwa kwenye vijiti. Baadaye katika maisha nimekaa kwenye semina nyingi za ualimu, nimepewa makabrasha yenye picha za rangi, na sikuona humo kitu ambacho Bi Manjula hakukifanya kwa taka za jikoni.

Sharti lake moja lilikuwa kali kuliko yote. Watu na wanyama hatuchori. "Wenye roho tuwaache," alikuwa akisema. "Kuna wazee hawapendi, na sitaki mtoto akachapwe nyumbani kwa furaha niliyompa mimi." Mtoto mmoja alichora jogoo, jogoo mzuri kweli, kavimba kifua. Bi Manjula alimsifu, kisha akakaa naye chini wakamgeuza pole pole kuwa kichaka, mbawa zikawa majani, kilemba kikawa ua. Mtoto aliondoka ameridhika. Mimi nilimwambia anajipa kazi ya bure, hakuna mzazi atakayekuja kupigana kwa ajili ya jogoo. Akanijibu kwamba mimi ninaweza kusema hivyo kwa sababu nikikosea nitaambiwa nimekosea, lakini yeye akikosea ataambiwa Wahindi wamekosea. Alilisema hilo huku anakusanya vichwa vya bamia, bila uchungu.

Kwetu kulikuwa mbali, kwa hiyo mchana alinichukua kwake. Jikoni mulikuwa na joto na harufu ya samli, na sehemu ya kukaa ilikuwa gunia la mchele. Alinitilia chapati moja moja kutoka motoni, dengu kwenye bakuli la bati, na achari ya embe ambayo mpaka leo nikiikumbuka mate yananitoka. Chumba cha pili alikaa mama mkwe wake, bibi mgonjwa wa miguu asiyeumwa mdomo, na malalamiko yake aliyatoa kwa Kiswahili makusudi ili na mimi nipate fungu langu. "Nyumba hii hata taka hazitupwi!" utamsikia. "Manjula! Maganda ya mayai yamo kwenye kabati langu la vikombe!" Bi Manjula alikuwa akiitika "naam, mama" na kuendelea kusukuma chapati. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitaabisha.

"Mtihani hauulizi bamia, Bi Manjula."

"Hauulizi," akasema. "Lakini mtoto akirudi kwao anaulizwa, leo umefanya nini huko? Kila siku anajibu, hapana kitu. N'nataka Alhamisi awe na cha kujibu."

Nilicheka, nikaomba chapati nyingine. Sikujua kwamba jibu hilo lingenirudia nikiwa na mvi, nimekaa nje ya jiko lile lile.

Katika watoto wetu alikuwamo Miza. Alitoka Tumbatu, akaja Mjini na wazazi wake kwa sababu babake alikuwa anaumwa na ilibidi awe karibu na hospitali. Walifikia kwa ami yake, ndugu wa baba, huko Amani. Miza hakuwa akisema. Ukimwita anaitika "naam," basi, na hiyo naam yenyewe lazima uitegee sikio. Watoto wa Mjini walimcheka lahaja yake siku ya kwanza na yeye akaamua hawatapata nafasi ya pili. Lakini Alhamisi alikuwa mtu mwingine. Vidole vyake vilikuwa vimeshazoea kusuka ukili wa mikeka, havikosei, na kazi yake ilikuwa ya kwanza kumalizika na ya mwisho kuachwa. Bi Manjula alikuwa na hamu moja tu kwa mtoto yule, asikie sauti yake kabla ya mwaka kwisha. "Atasema," alikuwa akiniambia jikoni. "Mikono ishaanza kusema." Mimi nilikuwa na shaka zangu.

Ule mti tuliufanya karibu na mwisho wa mwaka. Tulichora shina na matawi kwa kaa, ukutani, ukuta mzima wa nyuma wa darasa, na majani yawe ni viganja vya watoto. Buluu ilikuwa imetuishia na rangi za miyaa hazikuonekana sokoni. Mama wa mtoto mmoja alikuwa mpambaji wa maharusi, akatuletea hina iliyobaki kwenye harusi, tukaichanganya na ndimu na chai ya rangi kwenye beseni. Kila mtoto alipakwa kiganja cha kushoto, cha kulia kibaki cha kuandikia, akagandamiza ukutani, akakimbilia birika la maji uani kuosha kabla haijashika. Darasa lote lilinukia harusi. Desturi ya Bi Manjula ilikuwa kwamba kazi ya ukutani haiishi mpaka kila mtoto awemo, na Miza hakuwapo, hakuonekana tangu wiki iliyopita. Kwa hiyo kwenye tawi la chini, upande wa dirishani, Bi Manjula aliacha nafasi. Babake Miza alikuwa amefariki. Mwalimu Mkuu alikuwa ameambiwa, akasahau kutuambia, na sisi hatukwenda mazishini wala matangani.

Miza alirudi Jumatatu asubuhi, nguo safi, kichwa kimesukwa upya. Ndipo Mwalimu Mkuu alipochungulia mlangoni akakumbuka kutwambia. Bi Manjula akampa mtoto mkono wa pole kama anavyopewa mtu mzima, na akaniambia Ijumaa tukitoka mapema twende kwao tukamhani mama'ke. Wenzake walikuwa bado wanaingia. Miza akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ule ukuta, akasimama, akavitazama viganja vyote, tawi kwa tawi. Kisha akageuka.

"Changu kiko wapi?" akauliza.

Watoto wakatazamana. Wengine walikuwa hawajapata kuijua sauti yake. Bi Manjula akainua mkono kuonesha ile nafasi, kisha akaushusha, akanivuta mpaka mlangoni.

"Raya, mama'ke yumo edani. Nyumba yenye eda hina haiingii. N'fanyeje?"

"Eda ni ya mama'ke," nikamwambia. "Mtoto hana eda."

"Una hakika?"

"N'na hakika. Muulize shekhe umtakaye."

"Mimi siulizi sheria, Raya. N'nauliza watu."

"Watu watasema nini kwa kiganja cha mtoto? Atagandamiza, ataosha, kwisha."

Nasema na leo hii, mtoto hana eda. Mjane ndiye anayekatazwa kujipamba, kujitia manukato na kupaka hina mpaka siku zake ziishe, na si mwanawe. Katika miaka iliyofuata nimewauliza masheikh wa Mjini na wa shamba, na wote wamenijibu hivyo hivyo, wengine wakinishangaa kwa kuuliza. Sijarudi nyuma na sirudi. Lakini nimeishi vya kutosha kujua kwamba kuwa na haki hakumsaidii mtu kupata usingizi.

Bi Manjula akatoa hina iliyobaki, akampaka. Miza akagandamiza kiganja pale penye nafasi, akakiacha muda mrefu, na alipokitoa lilikuwa jani zuri kuliko yote, kila kidole peke yake. "Kaoshe sasa, mwanangu," Bi Manjula akamwambia. Miza akatoka, akarudi, akakaa. Tulidhani ameosha. Tukasoma hesabu, tukasoma Kiswahili, akaja mwalimu wa dini akasomesha akaondoka, na muda wote huo, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, mtoto yule alikuwa ameikunja ngumi yake ya kushoto chini ya dawati, hina ndani. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia ilikuwa imeshashika nyekundu.

Ami yake alikuja asubuhi ya pili. Tulimsikia kabla hatujamuona, ng'ambo ya ukuta wa mbao. Kwanza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejitayarisha kusema kwa adabu, kisha adabu ikamshinda. "Mwalimu, ndugu yangu hata udongo wake haujakauka, nyinyi mnampamba mwanawe? Mtoto karudi kwangu na hina, utasema kaolewa! Majirani wote washaona. Wananiuliza mimi, kwako kuna msiba au kuna harusi?" Mwalimu Mkuu akasema maneno ya kutuliza. Ami hakutaka kutulizwa. "Mtoto harudi tena hapa. Na huyo Mhindi, mama'ke mtoto kasema hataki kumtia machoni. Radhi hampi. Duniani hampi na akhera hampi." Darasa zima lilisikia. Bi Manjula alikuwa ubaoni anaandika hesabu ya kugawanya. Mkono ulisimama, halafu ukaendelea, akaimaliza mpaka jibu, na jibu lilikuwa si sahihi. Hakuna mtoto aliyemrekebisha.

Ijumaa tulikwenda vile vile. Nilimwambia tusiende, nikamwambia yule mtu kapandwa na hasira tu, lakini yeye alikuwa ameshafunga sukari kwenye mfuko na kuvaa sari ya rangi ya majivu, na ushungi kichwani kwa ajili ya heshima. Nyumba ilikuwa si mbali na uwanja wa mpira, ya bati, ina baraza ya saruji mbele. Ami alikuwa amekaa pale pale barazani. Hakusimama. Bi Manjula akamwambia amekuja kumhani mjane na kumuomba radhi, hata akisimama mlangoni.

"Hapokei wageni."

"Sisi wanawake, bwana," nikadakia. "Eda haimkatazi kuonana na wanawake."

"Nshasema hapokei."

Hapo ndipo tuliposikia sauti ya mwanamke kutoka ndani, nyuma ya pazia la mlango. Ilikuwa sauti kavu, iliyochoka kwa kulia na kwa kukesha.

"Nani huyo?"

"Muuza samaki!" ami akajibu bila kugeuza kichwa.

Nilifungua mdomo nimjibu mimi. Bi Manjula akanishika kifundo cha mkono, akanibana. Akauweka mfuko wa sukari kwenye ukingo wa baraza, akasema kwa heri, tukaondoka. Njiani nilimgombeza, sikujali kwamba ni mkubwa wangu. Nilimwambia tungepiga kelele, tungeingia, yule mjane angetusikia. "Keshasema hanipi radhi," akanijibu. "Nikimwingilia kwa nguvu n'takuwa n'mekosa mara mbili." Tukatembea mpaka Darajani. Nilikuwa na njaa, na siku ile hakunipikia.

Mwalimu Mkuu alipata sababu yake. Kipindi cha Alhamisi kikafutwa kwenye ratiba, hesabu ikaingia, na ukuta ukapigwa chokaa. Hina ikajitokeza. Ukapigwa tena chokaa, na baada ya siku chache viganja vikaanza kuonekana upya, hafifu, rangi ya chai ya maziwa, watoto wakawa wanavihesabu badala ya kusikiliza. Mwaka ulipokwisha nilipangiwa skuli ya shamba, nikaondoka. Miza hakurudi. Tulisikia kwamba eda ya mama'ke ilipokwisha walivuka kurudi Tumbatu. Bi Manjula aliendelea kusomesha mpaka akastaafu, lakini kitu cha sanaa hakukigusa tena, hata walipokuja wakubwa na makasha ya rangi za kununua na kumbembeleza. Kila Idi nilipokwenda kumtembelea alinitilia chai, akaniuliza habari za magoti, za watoto, kisha, mwisho kabisa, huku anakusanya vikombe, akauliza, "Hujapata habari za yule mtoto?" Sikupata kamwe. Nilikuwa nikimwambia asahau, ni mambo ya kale, na ilifika mahali swali lile lilinichosha, nikawa nalisubiri kama mtu anavyosubiri sindano. Idi iliyopita, akiwa kitandani, hakuniuliza. Nilifurahi, na sasa furaha ile inanikera.

Basi nilikuwa nimekaa pale mlangoni pa jikoni, watu wanapungua, mguu mmoja umeniingia ganzi, akaingia mwanamke aliyechelewa. Mtu mzima, karibu na hamsini, na chini ya buibui lake ilionekana sare ya hoteli. Alisimama mbele ya ile picha bila kujua afanye nini na mikono, kisha akaangaza macho chumbani, akaniona mimi mwenye buibui mwenzake, akaja kukaa karibu yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali?"

"Nungwi. N'nafanya kazi ya kufua shuka hotelini. N'mesikia kwenye redio n'kaomba ruhusa." Akaiangalia tena picha. "Alinisomesha muda mchache. Sijui kama alikuwa akinikumbuka. Mimi Miza."

Nilimtazama mikono. Ilikuwa imepauka kwa dawa za kufulia, ngozi inabanduka kwenye ncha za vidole. Nikamshika wa kushoto, nikaugeuza kiganja juu. Yeye ndiye aliyenitambua sasa. "Mwalimu Raya!" akasema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko inavyofaa kwenye nyumba ya msiba. Nikamuuliza lile swali ambalo Bi Manjula alinichosha nalo maisha yake yote. Nikamuuliza mama'ke alikuwa na hasira mpaka lini.

"Hasira za nini?"

"Za hina."

Miza akanishangaa. Akaniambia mama'ke kabla ya kufiwa alikuwa mtu wa hina, haipiti Ijumaa mikono haina rangi, na babake akiipenda. Alipokaa eda hina ikamfutika mikononi siku baada ya siku, na nyumba ikawa hainuki kitu ila dawa. "Siku ile darasani n'lisikia harufu yake nilipoingia tu," akasema. "N'likuwa n'nataka kumpelekea mama. Ndiyo mana sikuosha. N'lifunga mkono mpaka Amani." Na mama'ke alipofunguliwa kile kiganja alikinusa, akalia, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu mume kuzikwa. Akamuuliza, umefanya nini leo skuli? Na Miza akamwambia yote, mti, na majani, na nafasi aliyowekewa. Tangu usiku huo mama'ke alilala amekishika kiganja chake mpaka hina ikafutika.

"Lakini ami yako alisema mama'ko kakataa kumpa radhi."

"Ami? Ami naye alikuwa kafiwa na ndugu yake, mwalimu. Majirani wakimsema. Mama hakuambiwa kitu. Aliambiwa mimi sirudi skuli kwa sababu hapana nauli." Akavuta buibui lake. "Mama ana neno moja tu na yule mwalimu, na mpaka leo hulisema. Husema, mtu aliyenifurahisha vile, mbona hakuja hata siku moja kunipa pole?"

Nikamwambia, "Tulikuja." Nikamwambia habari za baraza, na sukari, na sari ya rangi ya majivu. Nikamwambia mama'ke aliuliza, na tulimsikia, na muuza samaki yule alikuwa sisi. Hapo nililia, kwa sauti, mpaka mwanawe Bi Manjula akaja na glasi ya maji. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Wanawake wawili wamezeeka kila mmoja anamngoja mwenzake, kati yao pazia tu, na mmoja sasa ni majivu.

Miza hakunibembeleza. Alifuta mikono yake kwenye buibui ingawa haikuwa na maji, akatoa simu, akabonyeza, akasema maneno machache ya haraka ya kwao, kisha akaniwekea sikioni. Kulikuwa na kuku, na mtoto analia mbali, na mtu anayepokezana simu na mwingine. Mbele yangu ilikuwa picha ya Bi Manjula na maua yake. Kisha ikaja sauti ya kizee, kavu, imechoka, lakini ningeitambua popote.

"Nani huyo?"

Sikumwachia mtu mwingine ajibu.

"Ni sisi, Mama Miza," nikasema. "Walimu wake. Tumekuja kukupa pole."